Hela ya Mawe

Jumatatu, 5 Aprili 1976

Nimechemsha viazi sufuria mbili. Vyote vimeisha kabla ya saa nne. Madereva wa malori leo walikula kama watu waliofukuzwa. Ukungu Uyole mzito, ng'ombe anakuwa mbele yako humwoni, unamsikia tu anapumua. Dereva mmoja hakuwa na chenji, kanipa kipande cha sabuni. Nimepokea. Inanukia vizuri, nimenusa njia nzima.

Mwalimu wa kisomo cha watu wazima kasema tuandike kila siku mkono usisahau. Kasema yeye hasomi, ni ya kwetu wenyewe. Haya. Kijiji kizima wanasema mdomo wangu haupumziki. Sasa na mkono.

Habari kubwa bado ni hela ya mawe. Ndivyo tunavyoiita. Mwezi wa pili mvua ya mawe ilipiga upande wa chini wa kijiji, mahindi yakabaki vijiti. Wakaja watu wa msaada, wageni, na gari. Tukajua ni unga wa njano tena kama mwaka ule, ule wa kukwama kooni. Hapana. Wakaandika majina ya waliopoteza kila kitu. Wakasema watapewa hela. Hela yenyewe, mkononi, kila mwezi mpaka mavuno mengine. Kila mtu afanye anachotaka.

Anachotaka! Watu walicheka. Halafu wakaogopa.

Jirani yangu Mama Lugano yumo. Mjane, watoto watatu. Mumewe alikufa na kifua mwaka juzi. Amepokea mara mbili. Mimi simo, shamba langu liko juu, mawe hayakufika. Nimemshukuru Mungu, lakini si sana.

Jumatano, 7 Aprili

Wanasema hela ya mawe ni ya mumiani. Ukiipokea wanakuja kuchukua damu. Mwingine kasema ukiila utazaa mtoto mzungu. Nimempelekea Mama Lugano habari hiyo moto moto. Kanijibu, "Nizae na nani, dada? Na kuku?" Tumecheka mpaka nimekaa chini.

Anacheka sasa. Zamani alikuwa anafunika mdomo na kanga, anatoa pumzi tu. Sasa meno yote nje. Ana meno mazuri kumbe.

Ijumaa, 9 Aprili

Nina hasira. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu, nitaonekana mbaya.

Maharage yangu yamejaa magugu. Kila mwaka Mama Lugano anakuja kunipalilia, nampa kopo la mahindi, jioni anakwenda kwake. Mwaka huu haji. Nimepita asubuhi, nimemkuta kwenye shamba lake mwenyewe, anapalilia, anaimba. Kaniamkia vizuri. Mimi nimeitikia kwa pua.

Sasa shamba lake safi, langu pori. Nimepalilia mwenyewe mistari minne, mkono umetoka malengelenge mawili. Nimewaza miaka yote ile lake lilikuwa pori kwa sababu alikuwa kwangu. Sikupenda kuwaza hivyo. Nimeacha.

Baba Sekela, mume wangu, kaona mkono. Kasema, "Ee, leo umelima." Basi. Yeye ni fundi baiskeli, maneno anayaweka kama spoku, moja moja.

Jumapili, 11 Aprili

Jumapili ya Matawi. Lugano karudi!

Huyo ni binti mkubwa wa Mama Lugano, miaka kumi na mbili. Baada ya mawe mama yake alimpeleka Mbalizi, akawe yaya kwa mama mmoja mfanyabiashara. Shule akaacha. Ilikuwa lazima, ndani hamkuwa na kitu. Siku ile anaondoka nililia mimi, mama yake hakulia. Alikuwa mkavu kama kuni.

Sasa mama yake kapanda lori mwenyewe mpaka Mbalizi, hela kafunga kwenye pindo la kanga, kamchukua mtoto. Yule tajiri kanuna. Kamwambia, "Hela ya wazungu itakwisha, utanirudishia. Nitamngoja mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo naleta mwingine."

Mtoto kafika kakonda, kala ugali wote. Halafu kasimama anauliza, "Vyombo viko wapi nioshe?" Mama yake kamwambia, "Kaa." Kakaa. Hajui aweke wapi mikono.

Sare tayari imeshonwa. Daftari zipo. Zikifunguliwa shule anarudi. Hela ya mwezi huu ikitoka, kila kitu kimenyooka. Isipotoka, Mbalizi.

Jumatatu, 12 Aprili

Leo tumekutana kisimani, Mama Lugano kachelewa sana. Nilijua kwa nini. Mkwe wake alikuwa amekaa njiani.

Tangu tuhamishiwe huku barabarani, nyumba zimebanana. Zamani mkwe alikuwa ng'ambo ya mlima, humwoni. Sasa mlango wake unatazama njia ya kisima. Na sisi Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe. Akimwona anajificha, anajifunika. Jina lake hataji. Hata neno linalofanana nalo hataji. Sasa mzee yule ni Mwampunga. Kwa hiyo Mama Lugano mpunga hausemi. Anasema "ile ya Usangu," maana huko ndiko kwenye mpunga, na ng'ombe. Juzi dukani kauliza, "Ile ya Usangu ipo?" Mwenye duka akamletea kamba ya ng'ombe.

Wasichana wa siku hizi wanacheka mwiko huu. Mama Lugano haucheki. Anaamini akitaja, watoto wake wataugua. Alishamzika baba yao, hataki kujaribu. Mimi pia naamini. Mchana siamini sana, lakini naamini.

Alhamisi, 15 Aprili

Leo nimeongea! Kakaa kwenye benchi langu mgeni mmoja mtanashati, kofia ya kiua, shati limepigwa pasi. Kashuka kwenye basi la Iringa. Kasema kwao ni Mlandege, Iringa mjini, wazee wake walitoka pwani. Kiswahili chake kinateleza kama mafuta, nimeona haya kidogo, halafu sikuona tena. Kala viazi sahani mbili na chumvi na pilipili.

Kaniuliza habari za hapa. Mimi tena! Nimempa zote. Mvua ya mawe, mumiani, nani kanunua nini. Anasikiliza vizuri, anatikisa kichwa. Mtu akisikiliza hivyo unashindwa kusimama. Viazi vikawa vimebaki, habari zimekwisha, nikatia chumvi. Nikasema, "Na majina mengine pale kwenye karatasi si ya watu wenyewe." Kaacha kutafuna. "Kweli, mama?" Nikasema, "Wee acha tu."

Sikuwa na mtu kichwani. Ilikuwa ya kunogesha tu.

Kalipa vizuri. Kaniita mama mkarimu.

Jumapili, 18 Aprili

Pasaka. Kanisa lilijaa mpaka dirishani. Mama Lugano kapika wali, katuletea bakuli na kipande cha kuku. Yeye kutuletea sisi! Nilishika lile bakuli sijui niseme nini, ikabidi niseme, "Chumvi imekaa." Nina aibu na yale ya Ijumaa ile. Lakini wali mtamu.

Jumanne, 20 Aprili

Mungu wangu.

Leo siku ya hela. Meza iko nje ya ofisi ya kijiji kama kawaida, watu wamepanga mstari. Nimekwenda kuangalia, mimi huwa siachi. Karani wa zamani hayupo, kahamishwa. Karani mpya kainua kichwa. Kofia ya kiua. Yule wa viazi.

Nikajificha nyuma ya mke wa balozi wa nyumba kumi, lakini mimi mnene, kaniona. Katabasamu hata.

Anaitwa Bwana Rajabu. Kasimama, kasema kwa adabu kwamba amepata habari, mahali amepita, kuwa kuna majina yasiyo ya watu wenyewe. Kwa hiyo leo yeye hasomi jina. Kila mtu ajitaje mwenyewe, jina kamili, yeye aangalie kwenye karatasi.

Wa kwanza wakapita vizuri. Wengi ni Wasafwa. Wanyakyusa wenzangu waliandikwa kwa majina ya baba zao, wakataja, wakapewa. Lakini Mama Lugano, balozi alimwandika kwa jina la ukweni. Karani wa zamani alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, anaelewa. Alikuwa anaita mwenyewe, Mama Lugano anaitika tu. Hakuna aliyewahi kufikiria.

"Jina lako?"

"Subilaga."

"Subilaga nani?"

Kavuta kanga usoni.

"Mama, Subilaga wa nani?"

"Mke wa marehemu."

"Marehemu nani?"

"Baba Lugano."

Watu wakacheka. Na yeye Bwana Rajabu kacheka. Halafu akaona hajibiwi, kicheko kikamwisha. "Mama, hujui jina la ukoo wako?" Mama Lugano kainamisha kichwa, kanga imeshuka mpaka puani. Sisi huku nyuma tukapiga kelele, "Mwampunga! Ni Mwampunga!" Ndiyo tukaharibu kabisa. Akasema, "Mbona mnamjibia? Mmepangana?" Mwenyekiti kajaribu kusema ni mila, yeye kajibu, "Mila gani ya mtu kutojua jina lake?" Kachukua kalamu nyekundu. Kapiga mstari.

Mama Lugano katoka kwenye mstari taratibu, kama aliyesahau kitu nyumbani.

Ni mimi. Ni mdomo wangu huu huu.

Jumatano, 21 Aprili

Sikuuza. Nimesema naumwa.

Alhamisi, 22 Aprili

Nimeamka nimesema leo leo. Nimekwenda kwa Mama Lugano. Nimemkuta anakunja ile sare ya mtoto, anaitia kwenye boksi. Nimemwambia yote. Viazi, kofia, chumvi niliyotia. Nilikuwa nalia huku nasema, kamasi, kila kitu.

Kaendelea kukunja. Halafu kasema, "Nilijua. Nani mwingine?"

Hiyo imeniuma kuliko angenipiga.

Nikamwambia sema tu jina, mara moja, polepole, Mungu atasamehe. Kasema, "Wewe ungesema la wako?" Mkwe wangu amekufa miaka tisa, na bado sisemi.

Nimekwenda ofisini kwa Bwana Rajabu. Nimemwambia, baba, yale niliyokwambia benchini yalikuwa uongo. Kaniangalia sana. Kasema, "Sasa mama, nikuamini lini? Siku ile au leo?"

Nikakaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

Nikamweleza mwiko. Kasikiliza vizuri, kama siku ile. Akasema si mtu mbaya, na kweli si mbaya, lakini karatasi inatazamwa na wakubwa wake, na mtu wa kumshuhudia mtu hataki tena, hasa mimi. Jina litoke kwa mwenyewe. Jumatano anarudi Iringa na hesabu zimefungwa. Nikauliza, "Litoke kwa mdomo?" Akasema, "Litoke kwake. Atajua mwenyewe."

Nimetembea njia nzima nalitafuna neno hilo. Litoke kwake.

Ijumaa, 23 Aprili

Kisomo. Mama Lugano kaja, sikutegemea. Kakaa mbali na mimi. Mwalimu katwambia tuandike majina ya mboga. Nikamwangalia anavyoandika. Herufi zake kubwa, zimelala lala, lakini zinatoka.

Nikashtuka nikasimama katikati ya darasa. Nikauliza, "Mwalimu, mtu akiandika neno, kalisema?"

Likawa bunge. Mke wa balozi kasema kuandika ni kusema, kwa sababu aliye mbali anasikia. Bibi mmoja mzee kasema kalamu haina ulimi. Mwingine kasema basi tuwaandikie wakwe zetu matusi. Mwalimu kijana wa watu, kakuna kichwa, kasema kwenye kitabu chake halimo.

Mama Lugano kasema kitu kimoja tu. "Sijui. Na asiyejua hagusi." Kakusanya daftari lake.

Basi atajua mwenye jina.

Jumamosi, 24 Aprili

Nimekwenda kwa mzee Mwampunga. Nimebeba ndizi mkungu mzima, mtu haendi kwa jambo kama hili mikono mitupu. Kakaa mlangoni anachonga mpini. Shikamoo baba. Marahaba. Kaniambia, "Mama Sekela, ukija na ndizi umeua mtu."

Nikaeleza. Hakuwa na habari, siku ya hela alikuwa kilabuni, akisikia mkamwana yuko mahali yeye haendi. Kaweka mpini chini. Nikaogopa atawaka.

Kauliza, "Akiandika, mimi nitasikia?"

"Hapana baba."

"Nikiwepo nitaona?"

"Utaona. Lakini baba husomi."

"Basi kwangu hiyo ni mistari." Akafikiri tena. "Kuku wakipita kwenye majivu wanaacha mistari. Nimewahi kugombana na kuku?"

Nikataka kumrukia shingoni, nikakumbuka ni mzee wa watu. Ndaga, baba, nikasema, asante, ndaga mara kumi. Kasema mwambie aandike, na mtoto asirudi Mbalizi, yeye jambo lile la Mbalizi lilimkaa tumboni toka mwanzo, ila angeongea na mkamwana kwa njia gani? Kuta haziongei. Nikamwambia baba, mimi nipo. Akasema, "Hilo ndilo linanitia wasiwasi."

Nimekimbia mpaka kwa Mama Lugano, mbio, na mwili huu. Kanisikiliza. Kanifanya nirudie mara tatu maneno ya mzee yale yale, bila kuongeza. "Bila chumvi, Mama Sekela." Nimerudia bila chumvi. Ngumu.

Kasema, "Kuku kweli alisema?" Kuku kweli. Kacheka kidogo. Halafu kasema hajawahi kuliandika, hajui linaanzaje.

Jumapili, 25 Aprili

Baada ya kanisa nimekwenda kumwonyesha. Nikaona nitaandika mimi, yeye atazame. Kaniambia usilisome kwa sauti hapa ndani. Nikaandika chini na kijiti. Kalitazama muda mrefu. Kafuta na mguu. Kasema inatosha. Nikamwambia jaribu. Kakataa. Atagusa mara moja tu, siku ile.

Mara moja! Na lina herufi tisa.

Jumatatu, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Ofisi imefungwa. Watoto wamecheza halaiki, bendera, mwenyekiti katoa hotuba. Sikusikia neno. Kutoka Mbalizi yule tajiri katuma salamu na utingo wa lori, anauliza mtoto aje lini.

Baba Sekela kasema, "Tulia." Nimeshindwa.

Jumanne, 27 Aprili

Niandike vizuri, hii nataka kuikumbuka.

Tumefika ofisini saa mbili. Mimi, Mama Lugano, na darasa zima la kisomo nyuma yetu, hakuna aliyeitwa. Mzee Mwampunga naye kaja. Lakini kasimama ng'ambo ya barabara, katugeuzia mgongo, anatazama mlima. Mgongo mzima unasikiliza.

Nikamwambia Bwana Rajabu, mama huyu atakujibu kwa kalamu. Kafikiri. Kafunika karatasi yake na daftari asije mtu akachungulia. Kampa karatasi tupu. Kaniambia mimi nikae kule, mbali, na nifunge mdomo. Nikauma pindo la kanga. Kweli, nimeliuma, lina alama za meno.

Mama Lugano kajifunika kichwa chote, mkono tu nje. Subilaga kaandika haraka. Halafu kalamu ikasimama. M. W. A. Anaandika kama anayetoa mwiba. M tena. P. U. Kapumzika. G. A. Kaweka kalamu chini.

Bwana Rajabu kachukua. Kafunua karatasi yake. Katazama hii, katazama ile. Kakunja uso.

"Mama, kuna kitu hakipo."

Kakosea! Kasahau N. Kaandika Mwampuga. Nilikuwa naliona toka nilipokaa, na mdomo umejaa kanga. Neno dogo moja tu ningesema, "N," mtoto asingekwenda Mbalizi. Lakini ningesema, ingekuwa imekwisha, tungeambiwa tumepangana. Sikusema. Mungu aliona. Sikusema.

Mama Lugano kavuta karatasi tena. Karudi mwanzo, kidole kinapita chini ya kila herufi, midomo inajitahidi isitikisike. Kafika kwenye U. Kasimama. Karudi nyuma. Kaenda mbele. Nikaona bega limeshuka. Kachukua kalamu, katia N ndogo juu, kati ya U na G, kama mtu anayesukuma mtoto apate nafasi kwenye benchi.

Bwana Rajabu kacheka kwa sauti. Kasema, "Mtu aliyefundishwa jana kudanganya asingejisahihisha hivyo." Kafuta ule mstari mwekundu, kaandika pembeni, katia sahihi. Halafu kamwambia kwa heshima, "Mama, nisamehe. Mke wangu kule Iringa ana miaka ishirini na mimi, hajaniita jina. Ananiita wewe. Ningepaswa kujua."

Kahesabu hela mkononi mwake. Kisomo kizima tukapiga vigelegele mpaka ng'ombe wa watu wakakimbia. Ng'ambo ya barabara mzee kageuka kidogo, kidogo tu, halafu kakumbuka, karudi kutazama mlima. Lakini fimbo yake ilikuwa inacheza.

Karatasi ile Mama Lugano kaiomba. Bwana Rajabu kakataa, ni ya ofisi. Basi.

Jumatano, 28 Aprili

Bwana Rajabu kapita kwangu kabla ya basi la Iringa. Kala sahani mbili. Kaniuliza habari. Nikamwambia leo kuna viazi tu.

Kalipa, kacheka, kaondoka. Nilikuwa na habari tatu nzuri sana. Nimemwambia Baba Sekela zote jioni, kasinzia kwenye ya pili.

Ijumaa, 30 Aprili

Utingo karudi Mbalizi na jibu la Mama Lugano. Jibu lilikuwa "Haji." Neno moja. Mimi ningeongeza.

Jumatatu, 3 Mei

Shule. Lugano kapita hapa na sare, soksi juu, daftari kifuani kama mtoto mchanga. Kaniamkia. Nikasahau kuitikia.

Mama yake kaniomba nimsaidie kuchimba viazi Alhamisi, atanilipa. Mimi kulipwa na yeye! Nikacheka. Yeye hakucheka, anasema kweli. Nimesema nitakuja. Sijui nitamwambiaje mke wa balozi.

Alhamisi, 6 Mei

Nimechimba kwa Mama Lugano toka asubuhi. Mgongo umekatika. Kanipa ndoo ya viazi na chakula cha mchana, na kaniambia nimeacha vingine ardhini, nirudie mstari. Nimerudia.

Jumamosi, 8 Mei

Baridi imeanza. Tumekwenda Uyole mimi na Mama Lugano kununua blanketi. Watoto wake wanalala watatu kwenye gunia na kanga.

Dukani kulikuwa na mablanketi ya aina nne. La kijivu la bei ndogo, la kahawia, la mistari, na jekundu zito lenye pindo. Nilijua atachukua la kijivu, tuwahi. Hakuchukua. Kaomba ashushiwe yote manne. Kalishika la kwanza, kalifungua lote, kalinusa. Kalishika la pili. Mwenye duka kaanza kugonga gonga meza na ufunguo. Mama Lugano hakumwangalia. Karudi kwenye la kwanza. Kavuta uzi. Kauliza kama likifuliwa linatoa rangi. Kauliza tena.

Kwa miaka yote niliyomjua nimemwona akichukua alichopewa. Sijawahi kumwona anachagua.

Nilikuwa na kiu na miguu inauma. Nikatoka nikakaa kizingitini kwenye jua. Malori yanapita. Nyuma yangu nasikia blanketi linafunguliwa, linakunjwa, linafunguliwa tena.

Sikumharakisha.